Simchukii mtu, mbona mdogo wangu ananiita mbaguzi?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka thelathini na minane, nina mke na watoto wawili wa kiume. Majibu yako nimeyasoma siku nyingi kimyakimya, leo na mimi nina swali. Naomba univumilie, barua ni ndefu kidogo.

Mdogo wangu wa kike ni msagaji. Alitueleza miaka kadhaa iliyopita, baada ya baba kufariki. Mama alilia, ndugu wengine wakanuna, lakini mimi nilikuwa upande wake tangu siku ya kwanza. Sikumtukana, sikumfukuza, sikumletea mtu wa kumwombea. Anakuja kwangu anapotaka, wanangu wanampenda na huwa nawaacha kwake, na mwenzake anayeishi naye namkaribisha vilevile. Nilimwambia tu, tena kwa upendo, kwamba bado ni kijana, hajakutana na mwanamume wa kumtuliza, na siku akikutana naye mambo haya yatapita yenyewe. Mara mbili tatu nimemkutanisha na marafiki zangu, watu wa heshima wenye kazi zao. Namhurumia zaidi kuliko ninavyomlaumu. Ndugu wengine wangemfanyia nini?

Kazini kuna kijana tunayekaa naye chumba kimoja. Huyu ni shoga na hafichi sana. Ni mchapakazi, hilo silipingi. Lakini nitasema ukweli Shangazi, akinikaribia nahisi kinyaa, na sijui kinatoka wapi. Sijawahi kumvunjia heshima. Namsalimia, akiniuliza jambo namjibu. Ila wakati wa chakula siketi naye, huwa natafuta kisingizio. Na nilipowaalika wenzangu wa ofisini nyumbani, yeye sikumwalika. Nina watoto wa kiume, mzazi yeyote atanielewa.

Wenzangu humtania akiwa hayupo, wanaiga anavyotembea. Mimi siigi, nacheka tu kama wengine. Kuhusu mdogo wangu, ambaye sijui walimjuaje, wana mzaha mwingine: wanasema wangependa kutazama, au waitwe wakasaidie. Hapo sicheki. Nageuza mazungumzo.

Sasa kilichotokea. Juzi mdogo wangu alikuwa kwangu, nikawa namsimulia mke wangu habari za ofisini. Nikasema yule kijana angeheshimika zaidi kama asingejionyesha, na kwamba siku hizi watu hawa wanadai mno. Mdogo wangu akaniangalia akasema: "Kaka, wanaonitukana njiani nawajua, na najua jinsi ya kuwakwepa. Wewe sijui nikukwepe vipi. Kikulacho ki nguoni mwako." Akachukua mkoba wake akaondoka. Mke wangu, badala ya kunitetea, akasema alikuwa akingoja mtu aniambie hivyo.

Shangazi, sijampiga mtu. Sijamnyima mtu kazi. Ni mtu wa dini, na dini yangu ina msimamo wake juu ya jambo hili, lakini hata hivyo sijamhukumu yeyote. Mbona naitwa mbaguzi? Na kama ninavyoishi na mdogo wangu na ninavyojisikia kwa yule kijana ni kitu kimoja, nieleze vinakuwaje kimoja, maana mimi naviona viwili.

Kaka Mtu

*

Marahaba mwanangu.

Swali lako la mwisho ndilo lililonifanya niichague barua hii. Unaona vitu viwili, na kweli ni viwili, pengine na zaidi. Wengi wetu tumekua tukiijua chuki kwa sura moja, ya mtu mwenye jiwe mkononi na tusi mdomoni, na asiye na jiwe hujihesabu kuwa msafi. Dharau dhidi ya mashoga na wasagaji haiendi hivyo. Ina sura nyingi, na haiwafikii wanaume na wanawake kwa njia moja. Ndiyo maana unaweza kumkaribisha mmoja sebuleni na kumkwepa mwingine mezani, ukawa umewakosea wote wawili, kila mmoja kwa namna yake.

Naanza na mdogo wako, maana hapo ndipo unapojiona umefaulu.

Hukumpiga wala hukumfukuza, na nakupongeza bila kejeli, kwa sababu wapo wanaoshindwa hata hilo. Lakini soma tena ulichomwambia. Ni kijana, hajatulizwa, yatapita. Alikuletea jambo zito la maisha yake, ukampokea yeye na jambo lenyewe ukalirudisha mlangoni. Hukumchukia, ila hukumwamini. Shoga kwa kawaida huambiwa ni hatari. Msagaji huambiwa hayupo, au yupo kwa muda tu, mpaka atakapotokea mwanamume.

Hili lina historia ndefu. Uingereza ilipotunga sheria ya mwaka 1885 ya kuadhibu mapenzi kati ya wanaume, ile iliyomfunga mwandishi Oscar Wilde miaka kumi baadaye, wanawake hawakutajwa. Mwaka 1921 wabunge walijaribu kuwaongeza, Baraza la Malodi, lile la juu la bunge lao, likakataa. Usidhani ni kwa huruma. Hoja iliyosikika humo ni kwamba ukitunga sheria ya namna hiyo utawafumbua macho wanawake ambao hawajawahi kusikia habari hizi. Afadhali wasiadhibiwe kuliko wajue kuwa jambo linawezekana! Ujerumani nako, kifungu cha 175 cha sheria ya jinai, kilichokuwepo tangu 1871 hadi 1994, kiliwahusu wanaume peke yao. Enzi za Wanazi maelfu ya wanaume walipelekwa kwenye kambi za mateso na kushonewa kifuani pembetatu ya rangi ya waridi. Mtu atasema basi wanawake walipata nafuu, na mbele ya hakimu ni kweli waliipata. Ila mapenzi ya mwanamke yakishahesabiwa kuwa si kitu, kila mwanamume anayepita hujiona ana dawa yake.

Na dawa hiyo ina viwango. Cha chini ni chako, kumwalika rafiki mwenye kazi nzuri aje kuonana na mdogo wako ambaye hajamwomba. Cha juu kabisa ndicho kinachoitwa ubakaji wa kurekebisha, wanaume wanapombaka msagaji wakidai wanamfunza kuwa mwanamke. Jina hilo lilisikika sana kutoka Afrika Kusini, nchi ambayo katiba yake ya mwaka 1996 inakataza waziwazi ubaguzi wa aina hii. Eudy Simelane, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake ya soka, alibakwa na kuuawa huko mwaka 2008, na kifo chake kikaifanya dunia igeuze shingo. Sikuweki kundi moja na wauaji wale, Mungu apishe mbali. Nakuonyesha wazo wanaloliegemea: kwamba mwanamke huyu ana pengo, na pengo lake lina umbo la mwanamume. Hao wenzako wanaosema "waitwe wakasaidie" wanaliegemea hilo hilo, na wale wanaotaka kutazama wamemgeuza dada wa mtu kuwa burudani yao. Uliudhika, ukageuza mazungumzo. Sasa kaa ujiulize nini hasa kilikuudhi, ilhali na wewe umemletea wasaidizi.

Umeandika pia kwamba unamhurumia. Huruma hiyo nayo naitilia shaka, kwa sababu humhurumii aliye mzima. Kwa miaka mingi madaktari walifanya hivyo hivyo, wakayaita mapenzi ya jinsia moja ugonjwa wa akili. Evelyn Hooker, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1957 utafiti uliowapima wanaume 30 mashoga na 30 wasio mashoga, kisha akawapa mabingwa matokeo bila majina na bila kuwaambia nani ni nani. Mabingwa hawakuweza kuwatofautisha. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliuondoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafuata tarehe 17 Mei 1990. Mdogo wako si mgonjwa anayesubiri kupona. Ukiendelea kumhurumia atazidi kukaa kwako kama mtu anayeangaliwa hali.

Sasa yule kijana wa ofisini. Hapa hisia yako ni nyingine kabisa, na hauko peke yako. Tafiti nyingi, hasa za Marekani, zimekuta kwamba wanaume wasio mashoga huwa wakali kwa mashoga kuliko kwa wasagaji. Wanawake hawaonyeshi tofauti kubwa kiasi hicho. Kwa nini wanaume?

Mwaka 1972 mwanasaikolojia George Weinberg alieneza wazo kwamba hii ni hofu, mtu anaogopa kuwa karibu na shoga. Wazo hilo lilisaidia, kwa sababu kabla ya hapo swali lilikuwa shoga ana kasoro gani, na baada ya hapo watu wakaanza kumuuliza anayemchukia. Lakini hofu haielezi yote. Anayeogopa nyoka hukimbia, haketi na wenzake kuiga nyoka anavyotambaa. Miaka ya 1980 mtaalamu mwingine, Gregory Herek, akauliza swali ambalo mimi naliona bora zaidi: chuki hii inamfaa nini aliye nayo? Akakuta inawafaa watu mambo tofauti. Yuko aliyewahi kukutana na shoga mmoja au wawili na kuwapima wote kwa hao. Yuko ambaye chuki kwake ni njia ya kutangaza imani na maadili anayojivunia. Mwingine anatafuta kukubalika na watu wake. Na yuko anayejikinga na wasiwasi wa ndani, mara nyingi juu ya uanaume wake mwenyewe.

(Kuna watu hurukia hilo la mwisho kwa furaha, wakasema kila anayechukia mashoga ni shoga aliyejificha. Mimi hoja hiyo naiona ya kivivu, na zaidi ya hapo inawarudishia mashoga lawama ya kuchukiwa kwao.)

Wewe nakuona kwa yule anayetafuta kukubalika. Umesema huigi, unacheka tu. Lakini mwigizaji bila wachekaji anaacha. Kicheko chako ndicho kiingilio unacholipa ili ubaki upande wa wanaocheka, kwa sababu unajua, hata kama hujajiambia, kwamba asiyecheka ataanza kuangaliwa yeye. Na tazama wanachoiga. Hawaigi anavyopenda, hilo hawajaliona. Wanaiga anavyotembea, eti kama mwanamke. Kosa lake machoni pao ni kwamba alipewa cheo cha uanaume akakishusha.

Hapo ndipo viwili vyako vinapokutana. Wote wawili wanapimwa kwa kanuni moja, kwamba mwanamume yuko juu, mwanamke yuko chini, na kila mmoja anakamilishwa na mwingine kwa mpangilio huo. Mwanamume anayedhaniwa kushuka anatia kinyaa. Mwanamke anayesema hamhitaji mwanamume haaminiki, na akishikilia sana anaonekana ana kiburi. Wewe mwenyewe unaposikia kinyaa kwa kijana na huruma kwa mdogo wako, unaisoma kanuni hiyo kwa sauti mbili.

Kinyaa chenyewe sikulaumu nacho. Kimejengwa na miaka ya mizaha, mahubiri na minong'ono kabla hujajua unajengwa. Ninachokulaumu ni kukigeuza kuwa ushahidi. Mwili ukishtuka, akili inaanza kutafuta sababu ya kuuhalalisha, na yako imeipata kwa wanao.

Kwenye hilo la watoto nitakuwa mkali. Shoga ni mwanamume anayevutiwa na wanaume wenzake, watu wazima. Anayewatamani watoto ni mtu wa aina nyingine, na yumo miongoni mwa wenye ndoa na wasio nayo, wanaoheshimika na wasioheshimika. Kuwachanganya hao wawili ni mbinu ya zamani. Mwaka 1977, huko Florida, Marekani, mwimbaji Anita Bryant aliongoza kampeni ya kuifuta sheria iliyowalinda mashoga dhidi ya ubaguzi, na kauli mbiu yake ilikuwa kuwaokoa watoto. Alishinda, kwa sababu hakuna mzazi anayetaka kuonekana hajali watoto wake. Wazazi waliokuwa wakimtazama shoga walikuwa wakitazama pasipostahili, maana anayemdhuru mtoto mara nyingi ni mtu ambaye mtoto na wazazi wanamjua na kumwamini. Linda wanao kwa kuangalia mwenendo wa kila mtu mzima, jamaa na marafiki wakiwamo. Na kumbuka kwamba wanao hao hao unawaacha kwa mdogo wako bila wasiwasi wowote. Ungekuwa unaiamini kweli hoja yako usingewaacha.

Halafu kuna lile la kujionyesha na kudai mno. Hii ndiyo sura ya kisasa, na ndiyo ninayoiogopa, kwa sababu inavaa suti. Mwaka 2002 watafiti wa Kanada, Melanie Morrison na Todd Morrison, walichapisha kipimo cha ubaguzi wa namna hii. Hawakuuliza kama mashoga ni wachafu au wenye dhambi, maana msomi wa leo atajibu hapana. Waliuliza kama wanadai haki zisizo za lazima, kama wanajitangaza mno, kama ubaguzi dhidi yao umekwisha. Kisha wakafanya jaribio. Waliopata alama za juu walikwepa kuketi na mtu waliyemdhania kuwa shoga au msagaji pale walipokuwa na sababu nyingine ya kukaa mbali naye. Sababu hiyo ilipoondolewa, hawakumkwepa. Nilipofika kwenye mstari wako wa "huwa natafuta kisingizio" nikawakumbuka watu wale.

Unasema angeheshimika kama asingejionyesha. Wewe barua yako imeanza na mke na watoto, kabla hata hujasema una shida gani. Sikuona unajionyesha, niliona unajitambulisha. Yeye akifanya hivyo hivyo anaambiwa anadai. Na akijificha je, ndiyo ataheshimika? Mwaka 1953 Rais Eisenhower wa Marekani alitia saini amri iliyouweka "upotovu wa kijinsia" miongoni mwa mambo yanayomfanya mtu asifae kazi ya serikali. Hoja kubwa ilikuwa kwamba shoga ana siri, na mwenye siri hutishwa kirahisi na majasusi. Nani aliyemlazimisha kuwa na siri? Maelfu walipoteza kazi. Mwanaastronomia Frank Kameny, aliyefukuzwa mwaka 1957, alipeleka shauri lake mpaka mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, nayo ikakataa kulisikiliza. Ukijificha, siri yako ndiyo kosa. Ukijitokeza, kosa ni kujionyesha.

Dini yako siigusi. Mtu anaweza kuamini kwamba tendo fulani ni dhambi na bado akala na jirani yake, akamtetea akionewa, akampa kazi anayoistahili. Nakuuliza moja tu: wangapi ofisini kwenu wanafanya mambo ambayo dini yako inayakataza, na unaketi nao mezani kila siku? Ikiwa imani inakukaza kwa mtu mmoja tu kati ya wote hao, aliyekukaza huenda si imani.

Turudi kwa maneno ya mdogo wako, maana nadhani hukuyasikia vizuri. Mtafiti Ilan Meyer alieleza mwaka 2003 kwamba mzigo wa watu kama yeye haupimwi kwa matusi na vipigo peke yake. Umo pia katika kutarajia kukataliwa kabla hakujatokea, katika kupima kila neno kabla ya kulisema, na katika kuanza kuamini kidogo kidogo yale yanayosemwa juu yako. Kwa adui, tahadhari hiyo ina faida. Kwako alikuwa ameiweka chini. Alikuwa kwa kaka yake, ametulia, ndipo akakusikia ukisema "watu hawa", na akajua kwamba yumo.

Na usishangae siku ukimsikia yeye mwenyewe akimdharau shoga anayetembea kwa madaha, au shoga akimcheka msagaji. Nao wamekulia katika nyumba zile zile na kusikia maneno yale yale.

Sasa ufanye nini? Usiende kwa yule kijana kuomba radhi. Utamtwisha kazi ya kukufariji kwa jambo ambalo labda alishaamua kulipuuza. Keti naye wakati wa chakula, mzungumze kazi, kelele za bosi, chochote. Mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika mwaka 1954 kwamba kukutana kunapunguza chuki pale watu wanapokuwa sawa kwa cheo, wanashirikiana kwa lengo moja, na wakubwa wao wanaunga mkono. Mwaka 2006 watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 wakakuta kwa jumla kukutana kunasaidia, na kunasaidia zaidi pale wanaobaguliwa ni mashoga na wasagaji. Ila angalia: mmekaa chumba kimoja muda wote huu na hakijabadilika kitu, kwa sababu umekuwa ukikutana na meza yake. Ombeni kazi moja muifanye pamoja. Kinyaa hakitaondoka siku ya kwanza, na huhitaji kukingoja kiondoke ndipo uketi. Na ukialika tena watu wa ofisini, mwalike kama ulivyowaalika wengine.

Wenzako wakianza kuiga, acha kucheka. Huhitaji hotuba. "Mimi sioni cha kuchekesha" inatosha, na utashangaa ni wangapi walikuwa wakingoja mwenzao wa kwanza. Wakifika kwa mdogo wako, waambie wazi kwamba humtaki katika mizaha yao, lakini usiwape hata chembe ya habari zake, anakaa wapi wala na nani. Nchi zaidi ya 60 bado zina sheria za kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, na hata pasipo na sheria hiyo mtu anaweza kupoteza kazi, nyumba au usalama kwa sababu ya neno la mdomoni. Habari hiyo ni yake kuitoa. Na ya yule kijana vilevile, hata kama hafichi sana.

Kwa mdogo wako utaomba radhi, maana yeye ni damu yako na amekuambia kinachomuuma. Usimwambie "samahani kama nilikukwaza". Taja kitu chenyewe: nilikuletea wanaume hukuwaomba, nilikuambia yatapita, nilisema watu hawa ukiwa umekaa mbele yangu. Marafiki zako waambie mpango umekwisha. Kisha muulize habari za mwenzake. Barua yako imewasifu marafiki zako kwa kazi na heshima zao, lakini juu ya mwanamke aliyeamua kuishi na mdogo wako hukuniandikia lolote, hata kama ni mcheshi au mkimya. Huenda humjui. Akikuambia hayuko tayari kuzungumza, mwache, umrudie baadaye bila kununa.

Na mke wako amesema alikuwa akingoja. Muulize tangu lini, na alipoona nini, halafu nyamaza mpaka amalize. Atakuwa na mifano ambayo kwenye barua hii haimo, na mingine haitakuwa ya ofisini.

Shangazi